Bustani ya masika inakusumbua? Soma dalili kwanza, dawa ya duka iwe ya mwisho

Kila masika ikishachanganya, yaani Machi mpaka Mei kwa sisi wa Dar, Pwani, Tanga na Morogoro, maswali ya bustani za nyumbani huwa yale yale. Mchicha umeota kwa mapengo, miche ya nyanya jana ilikuwa imesimama leo imelala, sukuma wiki imetobolewa kama chandarua kibovu, boga linatoa maua kila siku na tunda hakuna. Na karibu kila anayeuliza ameshanunua dawa tayari. Hilo ndo linaloniuma, kwa sababu hii ni mboga ya kuchuma leo jioni uiunge kwa nazi watoto wale, sio shamba la biashara la heka tano, na sehemu kubwa ya matatizo ya masika yanatokana na maji kusimama, mbegu kufukiwa vibaya na watu kuchelewa kuvuna. Hapo hakuna dawa ya chupa inayotibu hata kimoja.

Nimepanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu ya kwanza ndo inayotokea sana na ya mwisho ndo ya nadra, kwahiyo anza juu, ukipata jibu simama hapo hapo usiendelee kutafuta ugonjwa mkubwa zaidi.

Mzunguko wa asubuhi

Mengi ya hapa chini utayaona mapema ukiwa na tabia moja tu, kuzunguka bustani asubuhi saa kumi na mbili na nusu au saa moja, jua halijapanda. Kwa bustani ya uani robo saa inatosha. Chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kikitoka na udongo umeng'ang'ania basi leo humwagilii, hata kama ndo zamu ya kumwagilia. Geuza majani matatu manne ya kila mboga uangalie chini yake, maana wadudu wengi wanakaa upande wa chini na mtu akiwa amesimama haoni kitu. Angalia shina pale linapoingia ardhini. Kilichokomaa chuma hapo hapo usiseme kesho. Majani yanayoumwa yatoe uyaweke kwenye mfuko wake, hayaendi kwenye mboji, na mikono unanawa kabla hujagusa mche mwingine.

Mbegu hazioti, au zimeota kwa mapengo

Sababu inayoongoza ni kufukia sana. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko punje ya ulezi, ukiifukia sentimita mbili tatu haina nguvu ya kufika juu, nusu sentimita inatosha kabisa. Changanya kijiko cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, mwaga kwenye mistari, alafu pitisha mkono juu udongo ufunike kidogo tu. Bamia, kunde na boga hizo ndo za sentimita mbili mpaka tatu.

Sababu ya pili ni mvua yenyewe. Matone makubwa yanazoa mbegu, unakuta mchicha wote umeota kwa fujo kule mwisho wa tuta na huku juu kweupe. Au ardhi yako ni ya mfinyanzi, mvua ikinyesha alafu jua likapiga siku mbili inafanya ukoko mgumu mche hauwezi kupasua. Dawa yake tandaza nyasi kavu nyembamba juu ya tuta siku ya kusia, lakini siku unayoona vijani vya kwanza vinachungulia uziondoe, ukizembea miche inakuwa mirefu myeupe milegevu inalala yenyewe.

Tatu ni sisimizi, hawa wanabeba mbegu kweli, ukichuchumaa jioni karibu na tuta utaona mstari wao kila mmoja na punje yake. Kumwagilia tuta vizuri baada ya kusia na kufunika mbegu zote kunasaidia.

Ya mwisho ndo mbegu yenyewe kuwa imekufa. Usibishane na muuza duka bila ushahidi, chukua mbegu 10, ziweke kwenye tishu mbichi ndani ya kopo lenye mfuniko, mchicha kwa joto la pwani ndani ya siku tatu mpaka tano unakuwa umeshatoa vimizizi. Zikiota saba nane mbegu ni nzima tatizo liko kwenye tuta lako. Zikiota mbili, mbegu hamna.

SIMAMA HAPA: kama pakiti imefunguliwa na kufungwa upya, haina tarehe au haina lebo ya TOSCI, ile taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, usiendelee kusia, wapelekee TOSCI au afisa ugani wa kata na pakiti yake. Na mbegu zilizopakwa rangi, nyekundu, kijani au bluu, zimewekwa dawa, watoto wasizishike na zilizobaki zisiende kwa kuku wala jikoni.

Miche ilikuwa imesimama, asubuhi imelala

Hapa chuchumaa uangalie shina, jibu liko pale linapogusana na udongo.

Kama shina limekuwa jembamba kama uzi, limelainika na lina rangi ya kahawia, hicho ni kinyausi. Ni fangasi wa kwenye udongo na anapenda hasa kitalu kilichobanana na maji mengi, kwahiyo ndo namba moja wakati wa mvua. Kinaanza sehemu moja kinasambaa kwa duara. Mche uliolala haurudi, usipoteze muda kuunyoosha na kijiti. Toa ulioanguka pamoja na udongo wake, acha kumwagilia kitalu mpaka juu pakauke, punguza miche iliyobaki mpaka upepo upite katikati, na kama umefunika kitalu na nailoni ifungue pembeni. Kitalu kinachofuata kiweke sehemu nyingine, kiinue, udongo uchanganye na mchanga na mboji iliyoiva.

Kama shina limekatwa safi na kipande cha juu kimelala pembeni kikiwa bado kibichi, huyo ni sota, kiwavi wa kwenye udongo. Anakata usiku, mchana anajificha karibu hapo hapo. Fukua na kijiti kuzunguka mche uliokatwa, sentimita tatu mpaka tano kwenda chini, utamkuta amejikunja mviringo, mnene, rangi ya udongo. Mmoja anaweza kukukatia miche mingi mfululizo kwahiyo ukimpata umeokoa mstari mzima. Inayobaki ivishe kila mmoja kola ya karatasi ngumu au kipande cha chupa ya maji, nusu ndani ya udongo nusu juu.

Kuna na konokono, ila yeye anaacha utelezi unaong'aa, huwezi kumkosea. Kuku nao wanaparua, hao ni wa kuwajengea wigo tu.

Majani yanageuka njano

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na ndo linalopelekea watu kununua busta za kila aina. Kabla ya yote jiulize njano imeanzia wapi, maana majani ya chini kuwa njano na majani ya juu kuwa njano ni habari mbili tofauti kabisa.

Imeanzia majani ya chini, na tuta zima linafanana. Kwa masika, tisa kwa kumi ni maji. Mizizi inahitaji hewa, udongo ukijaa maji siku kadhaa mizizi inaanza kufa na mmea unashindwa kula hata kama mbolea ipo. Ng'oa mche mmoja usiouonea huruma. Mizizi mizima ni myeupe au ya krimu na migumu, iliyozama ni ya kahawia, inateleza vidoleni ngozi inavuka inabaki kama uzi, na inanuka. Alafu fanya jaribio la shimo: chimba shimo la kina cha kiganja na mkono kidogo, kama sentimita 30, jaza maji yaishe, jaza tena. Kama baada ya saa nne bado maji yapo, bustani yako haipitishi maji, hakuna mbolea itakayokusaidia mpaka urekebishe hilo. Inua matuta sentimita 20 mpaka 30, chimba mfereji wa kutoa maji upande wa chini, na tuta usilikanyage kabisa hasa likiwa bichi, kulikanyaga kunalishindilia linakuwa kama sakafu. Walio na viroba na ndoo waangalie matundu ya chini, mara nyingi yameziba, au walitoboa matatu wakati yanatakiwa nane kumi.

Mizizi ikiwa mizima lakini njano ni ya chini, basi mvua imeosha naitrojeni. Ni kawaida sana kwenye udongo wa kichanga wa pwani, mvua tatu nzito na mbolea imeshuka chini haifikiwi. Mboji iliyoiva au samadi ya zamani, koleo moja moja kuzunguka mimea, ndo jibu linalodumu. Ukitaka haraka, kijiko kimoja cha chakula cha urea kwenye ndoo ya lita 10, mimina nusu lita kwenye shina la kila sukuma wiki, udongo ukiwa na unyevu, na majani yasiguswe. Usizidishe ukidhani itaenda haraka, inaunguza, na jani linakuwa laini vidukari wanafurahi.

Samadi mbichi nayo inaunguza, hasa ya kuku. Dalili yake ni kingo za majani kukauka kahawia siku chache baada ya kuweka. Ya kuku ikae isipungue miezi miwili mitatu, ikigeuzwa, mpaka isiwe na joto wala ile harufu kali ya kuchoma pua.

Njano ya majani ya juu, machanga, huku mishipa ikibaki kijani, hiyo ni upungufu wa madini kama chuma, na mara nyingi sababu ni mizizi kukaa kwenye maji au mtu aliyemwaga majivu mengi mwaka hadi mwaka. Acha majivu. Wengi wanadhani majivu hayana kiasi, yana kiasi.

Kwenye sukuma wiki, kabeji na chainizi, ukiona njano inaingia kutoka ukingoni mwa jani kwa umbo la V, ncha ikielekea ndani, na mishipa yake imekuwa myeusi, huo ni uozo mweusi. Ni bakteria. Anasafiri kwa matone ya mvua na kwa mikono yako, kwahiyo usichume wakati majani yamelowa, ng'oa miche iliyoathirika, na pale usipande jamii ya kabeji angalau miaka miwili. Na nyanya ikiwa na majani ya juu madogo, ya njano, yamejikunja kama vikombe na mmea umedumaa, ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe, wakulima wengi wanaita rasta. Hakuna dawa ya virusi. Yeyote anayekuuzia dawa ya kutibu rasta anakula hela yako. Ng'oa, funga kwenye mfuko, anza upya na miche iliyofunikwa neti.

Majani yana matundu

Mchicha ukiwa na majani yaliyokunjwa na kushonwa kwa utando mwembamba, fungua mkunjo mmoja, ndani kuna kiwavi wa kijani na uchafu wake mweusi. Minya pale pale. Ukizunguka kila asubuhi hawakuzidi, ukikaa wiki mchicha unabaki mifupa. Na hapa ntasema wazi, mchicha unavunwa wiki tatu mpaka nne baada ya kusia, sioni sababu ya kuupulizia sumu. Ukishaliwa nusu, ng'oa uliobaki mzima ule, lima tuta, sia tena.

Sukuma wiki yenye vidirisha vidogo, yaani sehemu zimekwanguliwa zikabaki na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, geuza jani. Utaona kiwavi wa kijani mdogo chini ya sentimita moja na nusu, ukimgusa anajinyonganyonga kwa fujo na kuning'inia kwa uzi. Huyo ni nondo mgongo wa almasi. Ni mdudu mwenye usugu mkubwa kwa dawa nyingi za dukani, kwahiyo jirani yako anapulizia kila wiki na bado yupo. Kwa miche 20 ya nyumbani vidole na neti vinamtosha. Wakizidi, mwarobaini: kilo moja ya majani mabichi, twanga, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, weka kijiko kidogo cha sabuni ya maji, pulizia jioni chini ya majani, na mvua ikinyesha urudie maana inaoshwa.

Matundu makubwa yasiyo na mpangilio yenye utelezi ni konokono. Toka na tochi saa mbili tatu usiku baada ya mvua utawaona wote mezani. Waokote kwa glovu au mkono uliovaa mfuko wa plastiki, wapo wanaobeba minyoo inayoweza kufika kwenye ubongo wa binadamu, kwahiyo watoto wasitumwe kuwaokota kwa mikono mitupu na mboga za kula mbichi zioshwe jani kwa jani. Mchana wavutie kwa ubao uliolowa au ganda la papai lililogeuzwa, asubuhi unainua unawakuta chini. Majivu na chumvi wakati wa masika ni kazi bure, mvua moja yameondoka, na chumvi inaharibu udongo.

Majani yamejikunja, yananata, na sisimizi wanapanda

Ni vidukari, wengine wanaita wadudu mafuta. Chukua jani la katikati la sukuma wiki uligeuze kwenye mwanga: wamejazana kwenye mshipa mkubwa, kijivu kama wamemwagiwa unga, baadhi wana mabawa, na pembeni kuna vigamba vyeupe vyeupe ambavyo ni ngozi walizovua. Ukiona kati yao kuna mmoja aliyevimba, wa rangi ya kahawia, hatembei, huyo ana mtoto wa nyigu mdogo ndani yake, maana yake msaada umeshafika na ukipulizia sumu unawaua wanaokusaidia.

Kwanza maji, bomba lenye msukumo au chupa ya kupulizia, waangushe. Rudia baada ya siku mbili. Pili sabuni, kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya kawaida kwa lita moja ya maji, isiwe ya unga wa kufulia, pulizia jioni ukilenga chini ya jani. Tatu fuatilia sisimizi, wanawalinda vidukari kwa sababu wanakula ule utamu wao, ukiharibu njia yao wadudu wanaokula vidukari wanapata nafasi. Jani lililojaa kabisa likate litoke.

Mboga imekimbilia maua, au imekuwa ngumu

Huu ni ugonjwa wa mvunaji. Bustani ya masika inakua haraka kuliko familia inavyokula, na mmea usiovunwa unaenda kutafuta mbegu.

Mchicha ukate ukiwa sentimita 20 hivi, bakiza kishina cha majani mawili matatu uchipue, au ng'oa wote na mizizi usie tena. Panga kusia kipande kidogo kila wiki mbili badala ya tuta zima siku moja, ndo maana watu wanakula mchicha wiki mbili mfululizo alafu miezi miwili hawana. Sukuma wiki chuma majani ya chini, livute kwenda chini likatike kwenye shina lisibakize kikonyo, na juu uache majani matano sita. Matembele unakata ncha za sentimita 15 mpaka 20, ukikata ndo yanazidi kuchipua. Bamia ndo haina msamaha: sentimita 7 mpaka 10, kila baada ya siku moja, ikipita hapo inakuwa kamba hata uchemshe vipi, na zile zilizokomaa ukiziacha kwenye mti mti unapunguza kuzaa. Jaribu ncha, ikivunjika kwa sauti ni laini, ikipinda ni ya mbegu. Majani ya kunde chuma machanga kabla ya maua, ukitaka na kunde zenyewe usichume mpaka ukamaliza mti.

Kama mchicha umetoa maua ukiwa bado mfupi kabisa, sio kosa la kuvuna, ni kubanana au udongo maskini, au miche ilikaa kitalu muda mrefu.

Nyanya

Nyanya ya masika ni ngumu, niseme ukweli. Anayeanza bustani namshauri nyanya apande mvua zikipungua, masika ale mboga za majani. Lakini kama zipo tayari:

Madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya mduara kwenye majani ya chini, yanapanda juu taratibu, ni bakajani tangulia, na joto la pwani ndo analipenda. Kwa walio kwenye baridi, Lushoto, Arusha, Mbeya, yupo bakajani chelewa: mabaka makubwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, asubuhi chini ya jani kuna ukungu mweupe, na bustani nzima inaweza kuisha ndani ya siku chache. Kinga ni ile ile, simika miti, kata majani yote ya chini mpaka sentimita 30 kutoka ardhini, tandaza nyasi udongo usirukie majani, mwagilia shinani tu, nafasi isipungue nusu mita. Ukiamua kutumia dawa ya fangasi inatakiwa kabla ugonjwa haujaenea, baada ya hapo unaosha majani maiti.

Kitako cha nyanya kimekuwa cheusi, kimebonyea, kikavu: huo sio ugonjwa wa kuambukiza, ni kalsiamu kutofika kwenye tunda kwa sababu maji yanakuja kwa mshtuko, wiki mvua wiki ukame. Viroba ndo vinaongoza. Sawazisha maji, tandaza nyasi, punguza urea. Kupasuka kwa nyanya baada ya mvua kubwa ni ndugu yake, zichume zikianza tu kubadilika rangi ziivie ndani.

Jani lina kiwambo cheupe kama ngozi imevimba na ndani kuna kiwavi, na tunda lina tobo dogo karibu na kikonyo lenye uchafu mweusi, ni kantangaze. Aliingia Tanzania mwaka 2014 na tangu hapo ameshazoea dawa nyingi. Mvua zinampunguza kidogo. Toa majani na matunda yote yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko mweusi uuache juani, usiyatupe chini.

Mti unanyauka mchana kweupe ukiwa bado kijani, usiku unarudi kidogo, siku ya tatu umekwisha. Udongo una maji ya kutosha na hata njano hukuiona. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, kishikilie wima ndani ya glasi safi ya maji masafi kitako kikiwa ndani, usitikise. Tulia dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye shina, ni mnyauko bakteria. Kama hakuna maziwa lakini ukipasua shina kwa urefu ndani kuna mistari ya kahawia na majani yalianza njano upande mmoja, ni mnyauko fuzari. Na kama ukiing'oa mizizi ina manundu manundu, ni minyoo fundo.

SIMAMA HAPA: maziwa yakitoka kwenye glasi usinunue chochote. Ng'oa mti na udongo wake, funga mfukoni, osha jembe na kandambili kabla ya kuhamia tuta jingine, maji ya tuta hilo yasitiririkie kwenye mengine, na mwite afisa ugani athibitishe. Hapo usipande nyanya, bilinganya, nyanya chungu, pilipili wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa, weka mahindi, vitunguu au sukuma wiki.

Boga na tango: maua mengi, matunda hakuna

Wiki za kwanza ni maua dume tu, subiri. Ua jike lina kitunda kidogo nyuma yake, dume lina kikonyo kitupu. Kama majike yapo lakini vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya kidole, nyuki hawakufika, na asubuhi za mvua nyuki hawatoki. Fanya wewe: kabla ya saa nne asubuhi chuma ua dume, vua petali zake, pakaza unga wake katikati ya ua jike.

Tunda likiwa na kidoa cha kuchomwa chenye tone la gundi, na ndani kuna funza, ni inzi wa matunda. Usiliache chini hata siku moja, lifunge kwenye mfuko uanike juani, na matunda machanga yavishe mfuko wa karatasi. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, toa majani hayo na fungua nafasi.

SIMAMA HAPA: mung'unye, boga au tango likiwa chungu, chungu la kukunja ulimi, tema na utupe sufuria lote. Uchungu ule ni sumu na kuchemsha hakuutoi, unaleta kutapika na kuharisha vibaya.

Umepulizia dawa

Kama umefika huku, soma lebo kwa sauti. Lebo inasema siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna, na zikiandikwa 14 ni 14. Chupa isiyo na lebo, iliyopimwa kwenye chupa ya soda, usiinunue kabisa. Viuatilifu vilivyosajiliwa viko chini ya TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, muuzaji halali anajua. Usichanganye dawa mbili kwa kubuni.

SIMAMA HAPA: aliyepulizia akianza kutoka jasho na mate mengi, machozi, kichwa kuuma, kutapika, misuli inatetemeka au mboni za macho zimekuwa ndogo, mtoe eneo hilo, mvue nguo, mwoshe kwa maji na sabuni, hospitali mara moja na chupa ya dawa mkononi. Usimpe maziwa, usimtapishe.

Maji ya mafuriko yamepita bustanini

Nimeliacha mwisho ila kwa Dar ndo la hatari kuliko yote, maana kila mvua kubwa kuna watu wanafungulia vyoo vyao kwenye mitaro, na maji yale yanaingia uani kwa watu.

Maji ya mvua tu yaliyosimama kwa muda, fungua mfereji, toa tope juu ya majani, angalia mizizi siku ya tatu. Lakini kama maji yametoka mtaroni, yana harufu ya choo au yana mafuta juu, mboga zote za majani zilizoguswa zing'olewe, hakuna kuosha kwa chumvi wala siki. Vitu vya kachumbari, chochote cha kula kibichi usahau. Tumia glovu na buti, kidonda mguuni usiingie. Udongo uache wazi kwenye jua na usipande mboga inayogusa ardhi kwa angalau miezi minne, katikati hapo unaweza kuweka mahindi au migomba. Mwambie afisa afya wa mtaa chanzo cha maji hayo, na mtu nyumbani akianza kuharisha maji maji kama maji ya mchele mpe ORS njiani huku mnaenda kituo cha afya, msisubiri asubuhi.